Mota Inataka Kupumua

Kwa miaka tisa baba mkwe wangu hakuniita mkwe hata mara moja. Aliniita mulimaji wa bilazi. Bilazi ni viazi, na ni kweli mama yangu analima viazi vitamu na mboga za lengalenga huko Kasungami mpaka leo. Siku niliyokwenda kumposa binti yake nilikuwa nimetoka kumsaidia mama shambani, na udongo ulikuwa bado kwenye viatu vyangu. Aliutazama ule udongo kabla ya kunitazama usoni. Ukoo wao ulikuwa wa reli. Babu yake alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika vyuma, baba yake akaendesha treni, na yeye akatengeneza injini za dizeli za treni kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipostaafu. Jumapili aliimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia, amevaa koti la kijivu, na akina mama wazee walisema wakimsikia wanajua kwamba mbinguni kuna wanaume pia.

Mimi nilijifunza ufundi kwa mikono, garaji moja baada ya nyingine, bila shule. Miaka ile nilikuwa mkuu wa mafundi katika garaji moja ya Ruashi, mali ya tajiri anayenunua na kuuza madini. Baba mkwe alipokaa nyumbani mwaka mzima akitazama ukuta, mke wangu aliniomba nimtafutie kazi. Nilimwomba tajiri, akakubali. Hivyo mzee aliyenidharau akawa chini yangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Hakunipumzisha siku hata moja. Mteja akileta gari, nikainamisha kichwa kusikiliza injini, yeye alisema kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti ileile ya kwaya: "Huyu anasikia mota namna ng'ombe anasikia misa." Mafundi wakacheka. Mteja naye akacheka. Nikikosea kufunga kitu, alikifungua mbele ya watu wote, akakiweka mezani kwangu na kunieleza polepole, kama anayefundisha mtoto katekisimu. Na mara nyingi haki ilikuwa yake. Angekuwa mjinga ningemvumilia.

Neno lililonikaa zaidi alilisema kabla hata hajaja garaji. Mke wangu alikuwa amepoteza mimba yetu ya kwanza. Mabinti wetu wawili walikuja baadaye. Mzee alifika nyumbani, akakaa, akanywa maji. Mke wangu alikuwa amelala, uso ukutani. Mzee akaniambia, wala hakushusha sauti, "Silinda ikisha kuchakaa, hata uweke segment mupya, haishike compression." Segment ni zile pete za pistoni, na compression ni mgandamizo wa hewa. Kisha akavaa kofia yake akaenda. Baba mkwe hajibiwi; hata kula mbele yake ni mwiko. Lakini neno lile nililiweka mahali ambapo ningelikuta kwa urahisi siku nikilihitaji.

Halafu boti ikaja.

Ilikuja juu ya lori kutoka kusini, imefungwa turubai, nyeupe yenye mstari mwekundu. Tajiri na rafiki zake walikuwa wameanza kushindana Jumapili kwenye ziwa la bwawa la Lufira, upande wa Likasi, na yeye alikuwa amechoka kuwa wa mwisho. Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nane, imelala ndani ya sanduku nyuma ya viti na kufunikwa kwa mfuniko mzito. Sijawahi kugusa injini yenye nguvu kama ile. Ukiiwasha, kifua chako kinatetemeka kabla masikio hayajasikia.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikienda polepole, haina neno. Ikikimbia kwa nguvu zake zote, mafuta yalitoka nyuma, pale ekseli kubwa ya injini inapopita kwenye mpira wake wa kuzuia mafuta, yakajaa chini ya boti. Nilitoa injini, nikabadilisha ule mpira. Jumapili ikarudi vilevile. Nikaitoa tena, nikaweka mpira mwingine wa bei kubwa. Ikarudi vilevile. Kila mara mzee alikaa kwenye benchi lake akinitazama nikivuta minyororo, na kwa mara ya kwanza tangu aje garaji hakusema kitu.

Mara ya tatu nilipofunga mnyororo aliinuka.

"Siku ya kwanza nilijua," alisema. "Nilitaka kuona utaitosha mara ngapi." Kuitosha ni kuitoa.

Mafundi waliacha kazi. Alileta mpira mwembamba wa serum, ule unaotundikwa hospitalini kando ya kitanda cha mgonjwa, akaupinda kama herufi U na kuupigilia kwenye ubao kwa misumari midogo. Ndani akatia maji yenye wino wa buluu. Ncha moja akaichomeka kwenye tundu la kijiti cha kupimia mafuta, ncha nyingine akaiacha wazi. Injini ilikuwa bado kwenye boti, imeunganishwa na bomba la maji ili isichemke. Akaniambia niiwashe.

Ilipokuwa inaunguruma polepole, maji ya buluu yalitulia.

"Sasa kanyaga," akasema.

Niliongeza mafuta. Maji yalipanda upande mmoja wa mpira, yakapanda, yakaruka nje na kunipiga kifuani. Shati langu likawa na madoa ya buluu kutoka kola hadi mshipi. Alikuwa ameuelekeza ubao kwangu kusudi. Watu walicheka sana.

"Hii mota haivuje," alisema walipotulia. "Inanyongwa. Uliona muntu ananyongwa? Hata macho inatoka inje. Na we unabadirisha macho."

Hapo alieleza, na sitasema uongo, hakuna mtu aliyewahi kunieleza injini vizuri namna ile. Pistoni zikishuka, alisema, moto haubaki wote juu. Kidogo unapenya kando ya pete, unaingia chini, kwenye karter, lile sanduku la mafuta. Hewa ile lazima itoke. Isipopewa mlango, inatafuta mlango wake yenyewe, na inatoka pamoja na mafuta. Boti hii imepewa mlango mmoja tu, ka valvu kadogo kanakorudisha hewa chafu ndani ya injini ikaungue.

"Ile iko muzuri kwa taxi," alisema. "Inafanya kazi sababu mota inavuta. Lakini ukikanyaga mpaka mwisho, mulango ya juu, kwenye mota inavutia hewa, inafunguka yote, na kuvuta kunakufa. Basi saa ile gaz iko mingi sana, njo saa ile valvu inalala." Njo kwetu ni ndiyo.

Fundi mmoja aliuliza kwa nini tusiweke reniflard za wazi, zile kofia za kupumulia zenye chujio ambazo vijana wa mashindano ya magari huzifunga juu ya injini. Na kweli, ndani ya kisanduku kilichokuja na boti kulikuwa na mbili za chuma kinachong'aa.

"Gari iko na upepo," mzee akajibu. "Hapa mota iko mu sanduku. Itapumua moshi na mafuta mulemule, mafuta itaanguka ku mikanda, ku waya, ku fasi ya moto. Kesho utaita padri."

Na kuunganisha kwenye bomba la moshi, ili moshi uvute ile hewa? Akatikisa kichwa. Moshi wa boti unachanganywa na maji; siku moja maji yangerudi njia ileile. Na pampu ya kunyonya, inayozungushwa kwa mkanda? Hiyo ni dawa ya kweli, alisema, lakini ikifa nani wa Lubumbashi ataifufua? Yeye angefanya hivi: mipira miwili minene, mmoja kila upande wa injini, iende kwenye kopo la chuma, ndani ya kopo steel wool ya kusugulia sufuria, ili mafuta yanase na kudondoka, chini yake koki ya kuyamwagia, na kutoka juu ya kopo mpira mmoja unaorudisha hewa kwenye mdomo wa injini, iungue huko.

"Ipumue," alimaliza, "lakini isiteme mate mu nyumba."

Nilikuwa nimesimama pale na madoa yangu ya buluu. Nilijua haki ni yake. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na jioni ile ile, kabla sijafunga garaji, nilifunga zile kofia mbili zinazong'aa.

Tajiri alipokuja kuona, alizipenda. Aliona sura yake ndani ya kile chuma. Akauliza lile kopo linalosemwa ni nini, maana habari ilikuwa imemfikia. Nilimwambia, "Patron, ile ni mambo ya treni ya zamani." Akacheka. Mzee alikuwa hatua chache tu, ananawa mikono. Alisikia. Hakugeuka.

Jumapili tulikwenda ziwani, tajiri na wageni wake katika magari mawili, mimi na mzee nyuma ya pikapu. Aliletwa kwa kuwa tajiri alitaka mafundi wawili, na mimi nilimchagua yeye. Nilitaka awe pale boti itakaposhinda.

Na mwanzoni ilishinda. Ilitoka majini nusu nzima, ikazipita nyingine kama zimefungwa kamba. Nilikuwa ufukweni, nikamtazama mzee kando ya macho. Alikuwa amevua koti, amekaa juu ya gurudumu la akiba, anasikiliza. "Ngoja ipate moto," alisema, si kwangu, kwa maji.

Mzunguko wa nne moshi wa buluu ulianza kutoka kwenye sanduku. Boti ilipunguza mwendo, ikageuka, ikarudi ikijikokota huku boti nyingine zikiizunguka na watu wake wakipiga miluzi. Tajiri na aliokuwa nao botini walipofika tuliona. Mvuke wa mafuta ulikuwa umetoka kwenye kofia zile, mikanda imeurusha kila upande, ukapenya kwenye nyufa za mfuniko na kunyeshea viti. Mwanamke aliyekuwa na tajiri alikuwa amevaa gauni jeupe. Mgongo wote ulikuwa na madoa kama ya chui. Pembeni mwa bomba la moto kulikuwa kumewaka mwali mdogo, ukazimwa kwa kizima moto. Hakuna aliyeumia. Lakini rafiki za tajiri walikuwa wameshaegesha boti zao na kuja kutazama, na mmoja alimuuliza kama siku hizi anakaangia samaki injinini.

Tajiri aliruka ufukweni. Hakupaza sauti, hapazi kamwe.

"Ile bintu ya kupumua," alisema, "ni wazo ya nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Haikuwa fupi. Niliona mkono wake ukipangusa mafuta kwenye saa yake, niliona lile gauni, niliwaza kazi yangu. Ningependa kuandika kwamba niliogopa tu. Niliogopa, ndiyo, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kimesubiri kwa miaka.

"Ni Papa," nilijibu. "Yeye njo alisema mota inataka kupumua."

Kila neno lilikuwa la kweli.

Mzee alinitazama. Nilidhani atasema. Alikuwa na ulimi wa kunimaliza pale pale, na angeweza kuwaita mafundi wote wa Ruashi kuwa mashahidi. Akamgeukia tajiri.

"Nilisema," alijibu.

Basi.

Tajiri alifunua mfuniko wa sanduku. Ndani, kando ya injini, kuna nafasi ya mtu mmoja kujikunja, ambayo fundi huitumia kufikia boliti za chini. "Kama inataka kupumua," tajiri akasema, "ingia, Muzee. Pumueni pamoja." Rafiki zake walicheka, na yeye alipowasikia wakimcheka mtu mwingine badala yake, uso wake ulilegea. Kuanzia hapo hakuna kitu ambacho kingelirudisha jambo nyuma.

Mpaka leo sijui kwa nini mzee aliingia. Hakushikwa na mtu. Alikunja koti lake la kijivu, akaliweka juu ya jiwe, akavua kofia, akapanda botini na kuteremka ndani ya sanduku, mguu mmoja kwanza halafu mwingine, kwa uangalifu, kama mtu anayeingia kwenye shimo la kukarabatia treni. Tajiri mwenyewe alifunga mfuniko. Kisha akashuka, akasogea mbali na petroli, akawasha sigara.

"Washa," akaniambia. "Mpaka nimalize."

Boti ilikuwa imefungwa kamba, nusu yake majini. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikageuza ufunguo. Injini iliamka. Nilihisi mtetemo wake mgongoni, na nyuma ya mtetemo ule, kugonga. Labda ilikuwa goti lake, au kichwa. Moshi wa buluu ulitoka kwenye nyufa. Watu walikuwa wameshika simu juu. Tajiri alivuta sigara yake bila haraka.

Aliniambia niwashe. Hakuniambia kitu kingine. Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini wa kuongeza mafuta, na mimi mwenyewe, bila amri ya mtu, niliusukuma mbele. Si sana. Kiasi cha kidole kimoja. Injini ilipanda sauti, kugonga kukaongezeka. Nilikuwa nikiwaza ule uso ulioelekea ukutani na lile neno la silinda iliyochakaa. Nikausukuma tena kidogo.

Sigara ilikwisha. Tajiri akainua mkono, nikazima, nikafungua.

Alitoka kwa mikono na magoti. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimegeuka nyeusi na kulala kichwani. Mkono wa kushoto ulikuwa umegusa chuma cha moto. Ngozi ilikuwa imekunjamana kutoka kiwiko hadi karibu na saa. Alitapika majini, akakohoa, akatapika tena. Watu walikuwa wakicheka bado, ingawa yule mwanamke wa gauni jeupe alikuwa ameacha. Mimi nilicheka pia, kicheko kifupi. Kilitoka.

Alipopata pumzi alitoa leso mfukoni, akafuta macho kwanza, halafu mdomo. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Ya sita njo inapitisha. Segment imevunjika."

Alikuwa amesikiliza. Mle ndani, gizani, akinyongwa na moshi, alikuwa ametafuta silinda gani inayovujisha moto zaidi, na akaipata.

Njiani kurudi alilala nyuma ya pikapu, na mimi nikaketi mbele kwa dereva. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba babake amevuta moshi kazini na kuungua kidogo. Alikwenda kumuuguza. Mzee naye hakumwambia kitu. Nilianza kudhani jambo limekwisha.

Siku ya nne video ilifika kwenye simu ya mwimbaji mmoja wa kwaya, na kutoka kwake ikafika kwa mke wangu. Ilikuwa saa sita mchana, nimerudi kula. Bukari, ugali wetu, ilikuwa mezani, na samaki. Aliweka simu kando ya sahani yangu, akaiwasha. Uso wangu haukuonekana, ila mgongo na mkono wa kulia. Nilianza kusema kwamba ni tajiri aliyeamuru. Akainua kidole.

"Sikia," akasema.

Amekulia katika nyumba ambamo wanaume walijadili injini mezani. Alirudisha video nyuma, akaiwasha tena, sikio karibu na simu.

"Hapa iko ralenti," alisema. "Inaunguruma tu. Hapa... unaongeza." Akangoja. "Na hapa tena. Nani alikuambia kuongeza?"

Nikashika kipande cha samaki.

"Nauliza. Nani?"

"Hakuna muntu," nilisema.

Hakulia wala hakunitukana. Alinisogezea sahani na kusema chakula kinapoa. Kesho yake mchana aliweka tena simu mezani na kuiwasha tangu mwanzo hadi mwisho, na keshokutwa yake pia. Wiki nzima nilikula bukari nikisikia injini ile ikipanda mara mbili. Mabinti wetu waliuliza ni sinema gani. Aliwaambia ni Papa wao yupo kazini. Siku ya nane alifunga nguo zake na za watoto akaenda Kipushi kwa kaka yake, ambako walikuwa wamempeleka mzee kwa sababu alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kusimama katikati.

Mimi niliendelea na kazi. Nilifungua silinda ya sita. Pete ilikuwa imevunjika vipande viwili. Nilibadilisha pete zote, nikang'oa zile kofia, nikatengeneza kopo kama alivyosema: mipira miwili minene, steel wool ya sufuria, koki chini, mpira wa kurudisha hewa. Nilichukua ubao wake wenye mpira wa serum, nikapima. Nilikanyaga mpaka mwisho. Maji ya buluu hayakusogea hata upana wa ukucha. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Jumapili tajiri alishinda, na Jumapili iliyofuata pia. Alinipa uangalizi wa magari yake yote ya mgodini. Aliniuliza nani alinifundisha lile kopo.

"Nilitafuta tu," nilijibu.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Kipushi kuomba msamaha. Nilibeba kuku mweupe na kitambaa cha suti, nikaandamana na mjomba wangu mmoja kama desturi inavyotaka. Walituketisha uani. Wote walikuwepo: mke wangu, kaka zake, wake zao. Mzee aliletwa akishikwa mkono. Alikuwa amekonda, na kila alipovuta pumzi kulikuwa na mluzi mdogo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza maneno yangu yote. Kisha akasema nisimame.

"Karter inapumua ju ya nini?" aliuliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Mjomba wangu alitazama chini. Nikaanza kujibu, nimesimama katikati ya watu, kuku mkononi, kama mwanafunzi. Nilieleza moto unaopenya kando ya pete. Nilieleza valvu ndogo na kwa nini inalala. Alinisahihisha mara mbili, akilazimika kupumzika katikati ya sentensi. Akauliza kwa nini kofia za wazi hazifai ndani ya sanduku. Nilisema mvuke unabaki mle mle, unashika kila kitu.

"Unashika na nini tena?"

Nilimhamisha kuku mkono mwingine.

"Jibu."

"Muntu," nilisema. "Kama kuko muntu ndani."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na kazi. "Voilà. Siku ile ulikuwa unajua, ao hapana?"

"Nilikuwa najua, Papa."

"Bon." Akamgeukia mwanawe mkubwa. "Mumusikia. Alikuwa anajua." Kisha akaniambia nichukue kuku wangu na kitambaa changu niende, maana wao hawakuwa na njaa wala hawakuwa uchi. Mke wangu alitusindikiza hadi barabarani, si kwa ajili yangu, kwa heshima ya mjomba wangu. Alimuaga mjomba kwa mikono miwili.

Mzee alikufa mwanzoni mwa mvua. Daktari alisema mapafu, na umri, na vumbi la miaka mingi kazini, na hakutaja jambo moja kuwa ndilo. Labda ni kweli. Nimejaribu kuuamini ule umri na lile vumbi, na siku nyingine naweza.

Kwenye mazishi, wakwe wa kiume ndio wanaochimba na kufukia. Nilikuja nimevaa nguo za kazi. Shemeji mkubwa alinitoa sepetu mkononi bila neno, akampa jirani. Akanielekeza kwa kidole kwenye viti vya plastiki tulivyoazima parokiani, na hiyo ikawa kazi yangu siku tatu: kuvibeba, kuvipanga, kuvifuta mvua, kuvikunjua na kuvikusanya. Watu walivikalia bila kunisalimu. Kwaya iliimba, na pale sauti ya chini ilipotakiwa, palibaki shimo, kila mtu alilisikia, na kila mtu alijua aliyelichimba yuko wapi.

Mke wangu alirudi nyumbani mwishoni mwa matanga, na watoto. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumuuliza. Jioni ya mwisho nilikuwa napakia viti kwenye mkokoteni, tope mpaka magotini, alipokuja na mtungi wa maji akasimama kando yangu.

"Ukisha kurudisha viti," alisema, "pita ku soko. Batoto habayakula bado."